Je, wajua nani alikufa Prague tarehe 17 Novemba 1989?

Hakuna. Kwa miaka mingi nilisimulia, tena kwa kujiamini, kwamba Mapinduzi ya Mahameli yaliyomaliza ukomunisti Chekoslovakia yaliwashwa na kifo cha mwanafunzi aliyepigwa na polisi. Hadithi ilikuwa tamu, ila marehemu alikuwa mzima.

Jioni ya Ijumaa ile wanafunzi waliandamana kuadhimisha miaka 50 tangu Wanazi wafunge vyuo vikuu vya Kicheki. Katika barabara ya Národní polisi waliwazingira na kuwashushia virungu, mamia waliumia. Kipigo kilikuwa cha kweli kabisa. Uongo ulikuja baadaye: mwanamke mmoja alidai kuwa mwanafunzi wa hisabati na fizikia ameuawa, akamtaja kwa jina. Mpinzani wa serikali Petr Uhl akaipokea habari hiyo, na Redio Ulaya Huru, iliyorusha matangazo kutoka Magharibi, ikaitangaza. Serikali ilipochunguza ikakuta wanafunzi wawili wenye jina lile, wote wanapumua, ikamwonyesha mmoja wao kwenye televisheni. Watu hawakusadiki. Chama cha Kikomunisti kilichodanganya kwa miaka 20 na ushei, tangu vifaru vya Kisovieti viingie mwaka 1968, kilisema kweli siku moja, na siku hiyohiyo kikaitwa mwongo.

Hapo nikaangukia kosa la pili: basi serikali iliangushwa na uvumi, na pengine usalama wa siri, StB, ndio walioupika. Ni kweli kwamba afisa mmoja wa StB alijipenyeza kwenye maandamano, na baadaye akadai kuwa ndiye aliyejilaza kama maiti. Lakini madai yake yana walakini, na tume ya bunge iliyochunguza haikupata ushahidi wa njama hiyo.

Uvumi ulifanya kazi ndogo zaidi, nayo inavutia kuliko njama. Kumbuka darasani. Mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika, "Ndiyooo!" Hakuna aliyeelewa. Kila mmoja ameitika kwa sababu jirani yake ameitika, akidhani mjinga ni yeye peke yake. Sasa Asha, asiyeogopa fimbo, ananyoosha mkono: "Mimi sijaelewa." Juma alikuwa akingoja mmoja tu atangulie, naye ananyoosha. Yuko anayehitaji kuona mikono miwili kwanza, yuko wa mitano, yuko wa ishirini. Punde mikono yote iko juu, na hakuna hata mmoja aliyebadili maoni yake. Lakini mwondoe Juma: Asha anachapwa peke yake na somo linaendelea. Mwanauchumi Timur Kuran alitumia hoja ya namna hii kueleza kwa nini mapinduzi ya 1989 yaliwashtua hata walioyafanya.

Kina Asha wa Chekoslovakia walikuwepo tangu zamani, wapinzani waliotia saini Hati ya 77, waraka wa mwaka 1977 wa kudai haki za binadamu, na walichapwa kwelikweli. Kina Juma walikuwa wanafunzi na waigizaji, ambao siku iliyofuata waligoma na kugeuza majukwaa ya tamthilia kuwa mabaraza. Uvumi uliwagusa wazazi: mtu aliyekuwa akingoja mikono mia sasa alitosheka na mitano, kwa kuwa aliamini watoto wanauawa. Tusiupe sifa zote, hata hivyo. Poland na Hungaria zilikwishatangulia, na Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa siku 8 tu kabla.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kwamba mikono ilikuwa imepanda unatoka kiwandani. Tarehe 23 Novemba Miroslav Štěpán, mkuu wa chama jijini Prague, alikwenda kuwatuliza wafanyakazi wa ČKD, kampuni kubwa ya mitambo, watu ambao kwa jina lao chama kilitawala. Akawaambia hakuna nchi ambako watoto wa miaka 15 huamua rais aondoke lini. Wafanyakazi wakamzomea: "Sisi si watoto!"

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Kesho yake katibu mkuu Miloš Jakeš na uongozi wa juu wa chama wakajiuzulu. Tarehe 27 nchi ikagoma kwa saa mbili. Tarehe 29 Desemba bunge, lililojaa makomunisti bado, likamchagua Václav Havel, mwandishi wa tamthilia na mpinzani, mfungwa wa mwaka uleule, kuwa rais.

Leo Národní pana bamba ukutani: viganja vilivyoinuliwa na tarehe 17.11.1989. Jina la marehemu halimo.