Shingo za maganda zikibana tofauti, risasi haziendi pamoja

Kila siku naulizwa natumia baruti gani, mi nawajibu kwanza nionyesheni shingo za maganda yenu, yaani ule mdomo wa ganda la shaba unaokishika kichwa cha risasi. Napakia risasi zangu za .308 Winchester mwenyewe hapa Marekani, napiga shabaha yadi 600, na kilichonisumbua kuliko baruti ni jinsi shingo inavyokibana kichwa cha risasi.

Hesabu yake rahisi. Kichwa kina kipenyo cha inchi 0.308, ukuta wa shingo kwenye maganda yangu ni 0.015, uko pande zote mbili, kwa hiyo risasi ikishapakiwa shingo inapima 0.338. Nikitaka ibane kwa 0.002 naweka bushi ya 0.336, ile pete inayoibana shingo kwa nje, kwenye dai, yaani kifaa cha kulirudisha ganda kwenye kipimo chake. Shida inaanzia hapo sasa, maana shaba ukiibana inarudi kidogo, na kila ukiipiga na kuibana tena inazidi kuwa ngumu, yaani bushi ileile iliyokupa 0.002 ganda likiwa jipya, ukifika mara ya tano inakupa kitu kingine na wewe hujagusa chochote!

Mi nililijua hili kwa mkono. Siku hiyo naingiza vichwa, tisa vimeingia laini, cha kumi mkono wa presi, ile mashine ya kupakilia, ukakaza halafu ukakwaruza, nikaipiga hivyohivyo, kronografu, kile kipima kasi, ikaonyesha risasi hiyo imekimbia kuliko wenzake na tundu lake kwenye shabaha likakaa juu peke yake. Kuja kuangalia, ganda lilitoka boksi la zamani, lilishapigwa mara nyingi kuliko yale mengine.

Siku hizi sichanganyi maboksi, na kila baada ya kupiga napasha shingo moto ili shaba ilainike tena. Shingo na bega tu jamani, kitako moto usikiguse kabisa, kitako ndicho kinachobeba presha, kikilainika ganda linaweza kupasuka karibu na uso wako. Ile gololi ya kupanulia ndani ya dai nimeitoa, ikitoka inaivuta shingo na inaweza kuipindisha, napitisha mandreli badala yake, yaani kijiti cha chuma cha kupanulia shingo kwa ndani, hata ukuta ukiwa na unene usio sawa kasoro inasukumwa nje na ndani panabaki sawa. Masizi ndani ya shingo nayapitishia brashi ya nailoni mara mbili basi, ukisugua mpaka ing'ae shaba kavu inang'ang'ania kichwa.

Ila kama bunduki yako inajipakia yenyewe, mi nisingeshuka chini ya 0.003, kichwa kikijigonga wakati wa kuingia chemba kinaweza kurudi ndani ya ganda, na hapo presha inapanda.