Si kweli kwamba raga ya kulipwa ni ya majitu tu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wazazi hapa Arusha unadai mtoto mwembamba hawezi kuishi kwa kucheza raga. Si kweli. Katika raga ya wachezaji 15, wanane wa mbele, wanaosukumana, ndio wazito, saba wa nyuma hutegemea zaidi mbio na wepesi wa mikono. Tazama mechi yoyote, mtafute mwenye jezi namba 9, anayeutoa mpira kwenye msukumano. Mara nyingi ni mfupi kuliko wenzake, na naye hulipwa mshahara. Tunachanganywa na video fupi zinazoonyesha migongano tu, ilhali mechi ni dakika 80. Tafadhali, ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze. Kuna mtoto anausoma.