Mti wa Sokotra hautoi damu

Jirani yetu mmoja hapa Bukavu alinionyesha kwenye simu picha ya mti uliochanjwa, ukichuruzika wekundu. "Mwanangu, mti huu una damu kama mtu. Usiukate, utapata laana."

Hapana, mama. Ule ni utomvu tu.

Mti wenyewe, Dracaena cinnabari, huota porini Sokotra peke yake, kisiwa cha Yemeni. Ni ndugu wa zile dracaena ambazo wazee wetu wa Kivu huzipanda mipakani mwa mashamba. Utomvu wake ukikauka huwa vipande vyekundu, viitwavyo "damu ya joka". Wasokotra huvisaga na kutibu vidonda na kuhara, hutia rangi sufu, hupamba vyungu. Wanauchanja bila kuuangusha, nao unaendelea kuishi.

Na kichupa kinachouzwa kwa jina la "damu ya joka" mara nyingi hakikutoka huko hata kidogo: kuna mti wa Amazonia, na mitende itambaayo ya Asia, yenye utomvu mwekundu vilevile.

Kinachonisikitisha ni miche. Mbuzi huila ingali midogo, kwa hiyo sehemu nyingi za kisiwa zimebaki na miti mizee mitupu, na tufani za mwaka 2015 ziliiangusha mingi.