Teke la roboti: mguu mwepesi na komeo linalofunguka safi

Roboti ikishindwa kupeleka mpira mbali, wazo la kwanza la wanafunzi ni kuongeza raba. Mara nyingi raba haina kosa. Kosa liko kwenye mguu uliozidi uzito, komeo linalosugua, au mpira usiokaa mahali pamoja kila mara. Hayo matatu yakikaa sawa, raba za kawaida kabisa zinatosha.

Mfano nitakaoutumia ni mchezo wa Breakaway, shindano la mwaka 2010 la FIRST, shirika linaloandaa mashindano ya roboti kwa wanafunzi huko Marekani. Uwanja wake ulikuwa wa futi 54 kwa 27, yaani kama mita 16.5 kwa 8.2, na matuta mawili yaliukata katika kanda tatu. Kila upande ulikuwa na roboti tatu, na mipira ilikuwa ya soka, saizi 5. Kanuni iliyowabana wabunifu kuliko zote ilisema mpira usiingie ndani ya fremu ya roboti zaidi ya inchi 3. Kwa hiyo huwezi kuukumbatia mpira ukaurusha. Lazima uupige, na uupige ukiwa karibu wote uko nje.

Tuanze na nishati. Mpira wa saizi 5 una kilo 0.43 hivi. Ukitaka uondoke kwa mita 10 kwa sekunde, unahitaji jouli 21.5. Ukiondoka kwa pembe ya nyuzi 30, utatua kama mita 8.8 mbele, hewa ikipunguza kidogo, kisha utabingirika. Hiyo inatosha kuvuka tuta na kuufikisha kanda inayofuata bila tabu. Mguu wenyewe unazunguka nyuzi 75 tu kabla ya kugusa mpira, na safari hiyo inachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mguu wenyewe unahitaji jouli 30, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini. Ukizigawa kwa muda huo, unapata wastani wa wati 340, na kilele chake ni karibu mara mbili ya hapo. Mota ya CIM, iliyokuwa ndiyo farasi wa mashindano hayo, kilele chake ni wati 337, na bado ingelazimika kuzungusha rota yake yenyewe kupitia gia. Ndiyo maana mota haipigi moja kwa moja. Mota inaivuta raba taratibu kwa sekunde moja na nusu, komeo linaushika mguu, kisha linauachia kwa mkupuo.

Sasa mguu, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Mpira hauhisi uzito wote wa mguu. Unahisi tungamo la ncha: uzito wa kidole pamoja na theluthi ya uzito wa bomba linaloning'inia kutoka kwenye ekseli. Tungamo hilo likilingana na la mpira, ndipo nishati inapohamia vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Mpira uliojazwa vizuri unarudisha kama 0.7 ya kasi ya mgongano, na kwa hali hiyo asilimia 72 ya nishati ya mguu inaingia kwenye mpira. Ili upate zile jouli 21.5, mguu unahitaji jouli 30. Tungamo la ncha likiwa mara nne ya mpira, kilo 1.7 hivi, asilimia inashuka hadi 46 na mguu unahitaji jouli 46 na ushee kwa teke lile lile. Nishati iliyobaki haipotei kimyakimya. Inabaki kwenye mguu na kwenda kugonga kizuizi, na baada ya mechi chache unaokota bolti uwanjani.

Vipimo ninavyovipendekeza ni hivi. Miguu miwili sambamba ya bomba mraba la alumini la mm 25 kwa 25, unene wa ukuta mm 1.6, urefu wa sm 40 kutoka ekseli hadi kidole, na mkia wa sm 12 juu ya ekseli wa kufungia raba. Sehemu ya chini ya kila bomba ina gramu 160 hivi, kwa hiyo yote mawili yanachangia kama gramu 110 pale nchani. Kidole kikiwa na gramu 320, umefika kilo 0.43. Kiwe kipana, sm 10 au zaidi, na uso wake uwe na mviringo kidogo. Kidole chenye kona kinaupiga mpira upande mmoja ukaota mzunguko na kupinda njiani.

Ekseli ikae sm 43 juu ya sakafu. Ukiwa umesimama wima, mguu unapita sm 3 juu ya zulia. Ukisogea nyuzi 20 mbele ya wima, ncha inakuwa sm 5.4 juu ya sakafu na tayari inapanda. Nusu kipenyo cha mpira ni sm 11, kwa hiyo kugusa pale ni kugusa sm 5.6 chini ya kitovu, na msukumo unaelekea nyuzi 30 juu. Mwelekeo wa ncha na mwelekeo wa msukumo vinapishana nyuzi 10 tu, hasara ndogo mno. Kitovu cha mpira kinakuwa sm 23 mbele ya ekseli na mgongo wake sm 12. Ukiruhusu mpira uingie sm 6.5 ndani ya fremu, badala ya sm 7.6 zote za kanuni, ukingo wa mbele wa fremu unakuja sm 18.5 mbele ya ekseli. Hiyo sm moja na kidogo ya akiba usiile. Mpira uliopungua upepo unabonyea ukaingia zaidi, na mwamuzi hatakuuliza upepo.

Mguu unavutwa nyuma hadi nyuzi 55 kutoka wima. Mkia unasogea karibu sm 15, na hiyo ndiyo safari ya raba. Tumia mirija ya raba asilia, ya aina inayofungwa kwenye manati za madukani, mistari minne, kila mmoja ukivuta nyutoni 50 mguu ukiwa umeachiwa na nyutoni 100 ukiwa umevutwa. Jumla wastani ni nyutoni 300 kwa sm 15, yaani jouli 45. Theluthi naihesabu kuwa imeliwa na joto la raba, msuguano wa ekseli na komeo, inabaki 30. Urefu wa raba ukiwa haujavutwa uwe sm 30, ili kwenye kilele ifike sm 60 na isizidi maradufu. Mstari mmoja mnene badala ya minne ni akiba mbaya: ukikatika umekosa teke lote, ilhali mmoja kati ya minne ukikatika bado unacheza. Raba isifungwe fundo juu ya bolti yenye nyuzi, kwa maana nyuzi zinaikata. Ipitishe kwenye bushi laini ya plastiki, ikunje, uibane kwa kebo tai mbili. Na usiuache mguu umevutwa usiku kucha. Raba inalegea, na asubuhi teke linakuwa fupi bila sababu inayoonekana.

Springi za chuma zinafaa pia na hazizeeki kwa jua, ila sehemu ya uzito wake inasafiri pamoja na mguu, na ikikatika kipande kinaruka. Kwa shindano la wanafunzi nachagua raba.

Komeo ndilo sehemu ninayoitazama kwanza nikiangalia kipigio cha mtu. Likishika kwenye ncha ya mguu, kani inayolikabili haizidi nyutoni 120, kwa sababu raba inavuta kwenye mkono wa sm 12 na komeo linashika kwenye sm 40. Watu wanaoshika mkia badala ya ncha wanabeba zaidi ya mara tatu ya hapo bila haja. Kulabu iwe ya chuma cha mm 6. Alumini inabonyea mdomoni baada ya mateke machache, mdomo ukaviringika, halafu mguu unaanza kujiachia wenyewe. Kule mguuni kulabu isishike bolti tupu, ishike beringi ndogo iliyovalishwa bolti, ili wakati wa kuachia kitu kibingirike badala ya kukwaruza.

Pembe ya uso wa kulabu inaamua kila kitu. Chora mstari kutoka katikati ya beringi hadi kwenye pini ya kulabu. Uso ukiwa na pembe mraba kwa mstari huo, kani inapita kwenye pini, kulabu haijifungui wala haijikazi. Uinamishe nyuzi 3 hadi 5 upande wa kujikaza, basi. Ukizidisha hadi nyuzi 15, kufungua kunakuwa ni kuurudisha mguu nyuma dhidi ya raba, na silinda ya hewa inayoifungua kulabu inahangaika. Ukikosea kwenda upande wa pili, roboti ikishuka tuta mtikisiko unafungua kulabu na teke linatoka peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo kulabu iwe na uzito sawa pande zote mbili za pini yake, na kispringi kidogo cha kuirudisha. Silinda ya hewa ya kipenyo cha inchi 3/4 kwa psi 60, ambayo ndiyo shinikizo la kazi lililoruhusiwa, inasukuma karibu nyutoni 118. Kwa kulabu iliyochongwa vizuri hiyo ni nguvu ya kutosha na kusaza.

Winchi ni kazi rahisi. Funga kamba sm 20 chini ya ekseli, ambapo kani haizidi nyutoni 240 na safari ni sm 24. Ngoma ya kipenyo cha mm 25 inahitaji mizunguko mitatu na kidogo. Mota ya CIM kupitia gia ya 36 kwa 1 inazunguka kama mara 140 kwa dakika chini ya mzigo huo, kwa hiyo mguu unajaa ndani ya sekunde moja na nusu, na mota inakula ampea zisizofika 10. Kamba iwe ya Dyneema, uzi imara usionyooka kirahisi, ya mm 3. Nailoni inanyooka, na kila siku unapanga upya swichi inayoisimamisha mota.

Kosa la winchi ni kusahau kulegeza. Mfuatano ni huu: vuta hadi swichi ya komeo ibonyezwe, simama, rudisha mizunguko minne ili kamba ilegee, ndipo programu iruhusu teke. Mguu ukiachiwa kamba ikiwa bado imekaza, unaburuta ngoma na mota nzima kupitia gia. Teke linafia hapo hapo na meno ya gia yanang'oka. Kamba iliyolegea nayo ivutwe pembeni na uzi wa lastiki, la sivyo itajizungusha kwenye ekseli. Weka pia kikomo cha muda: swichi isipobonyezwa ndani ya sekunde 2.5, mota izime, kwa sababu bila shaka kuna kitu kimekwama.

Wengine wanauliza kwa nini nisitumie silinda kubwa ya hewa ipige moja kwa moja. Silinda ya kipenyo cha inchi 1.5 kwa psi 60 ina nyutoni 470, kwa karatasi ni nyingi kuliko raba. Tatizo ni valvu: hewa haiwahi kuingia, mguu unakimbia mbele ya shinikizo. Njia inayofanya kazi ni kuushika mguu kwa komeo, kuijaza silinda kwanza, kuufungua upande wa pili hadi hewa yake iishe, ndipo uachie. Kwa hiyo komeo unalihitaji vilevile. Na hewa inaisha haraka. Tangi la mililita 574 likishuka kutoka psi 120 hadi 60 linatoa mateke matatu hivi ya safari ya sm 15, kisha unaisubiri kompresa.

Kuhusu kuushika mpira: rola inayozunguka iguse mpira upande wa nyuma, juu kidogo ya kitovu, iuzungushe uje kwenye roboti. Ukiiweka mbele ya kilele cha mpira, teke la nyuzi 30 linaipiga rola yenyewe. Nyuma ya mpira weka vizuizi viwili, kushoto na kulia kwa njia ya kidole, ili mpira utulie mahali pale pale. Mpira ukikaa sm 3 mbele zaidi, kidole kinaukuta kikiwa kimepanda, kinagusa karibu zaidi na kitovu, na teke linatoka chini kuliko ulivyopanga. Upepo wa mpira upime kwa geji kabla ya kurekebisha chochote. Mpira laini unaorudisha 0.5 badala ya 0.7 unapoteza asilimia 12 ya kasi na asilimia 22 ya umbali, na nimeona timu zikikaza raba mchana kutwa kwa ajili ya hilo.

Kinachovunja vipigio zaidi ni teke la hewa. Mpira ukiwepo, mguu wa uzito sahihi unabaki karibu umesimama baada ya kugonga. Mpira usipokuwepo, jouli 30 zote zinakwenda kwenye kizuizi, na ukizisimamisha ndani ya sm 2 ni wastani wa nyutoni 1,500. Tumia mkanda wa kufungia mizigo, uliokunjwa juu ya sponji ngumu, upate sm 5 za kusimamia. Kani inashuka hadi 600. Kisha weka sensa ya mpira pale mpira unapokaa, na programu ikatae teke bila mpira.

Mguu uliovutwa unavunja mkono wa mtu. Toboa tundu la mm 8 kwenye fremu na mguu, pini ipite yote mawili, iwe na utepe mwekundu mrefu unaoonekana kutoka mbali. Inaingia kabla mtu hajaisogelea roboti, na inatoka roboti ikiwa imeshawekwa uwanjani. Anayebadilisha raba avae miwani, na aanze kwa kuulegeza mguu kwa winchi hadi mwisho, asiulegeze kwa kupiga.