Mawifi wawili na amani ya Cambrai, 1529

Asubuhi ya Februari 24, 1525, nje ya mji wa Pavia kaskazini mwa Italia, jeshi la Ufaransa lilivunjwa kwa saa chache. Mfalme François wa Kwanza aliwaongoza mwenyewe wapanda farasi wenye deraya. Wakakatiza mbele ya mizinga yao, mizinga ikalazimika kunyamaza, nao wenye bunduki wa Kaisari Charles wa Tano, aliyekuwa pia mfalme wa Hispania, wakawapukutisha. Mfalme akachukuliwa mateka hadi Madrid.

Vitabu vingi hukaa sana hapo Pavia. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ilifanyika Lyon, alikokuwa mama yake mfalme, Louise wa Savoy, akishika nchi kwa niaba ya mwanawe. Alipatana na Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, akamtoa vitani. Kisha akatuma mjumbe kwa Sultani Suleiman (yuleyule ambaye wengi wetu tunamjua kwa tamthilia za Kituruki). Mjumbe wa kwanza aliuawa njiani, Bosnia. Wa pili, Jean Frangipani, alifika Istanbul na kurudi na barua ya Sultani ya kumtia moyo mfalme aliyefungwa. Wakristo wengi Ulaya walikasirika, lakini Louise hakuwa na anasa ya kuchagua marafiki.

Januari 1526 François alitia saini Mkataba wa Madrid, akakubali kumpa Charles Burgundy, jimbo la mashariki mwa Ufaransa. Machi, kwenye mto Bidasoa mpakani, aliachiwa. Wanawe wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa 6, wakavushwa upande wa pili kuwa rehani. Alipofika kwake alikana mkataba, akisema kiapo cha mfungwa hakimfungi mtu. Vita vikaanza tena, na watoto wakabaki kifungoni miaka minne.

Wanaume hao wawili sasa wasingeweza hata kuzungumza bila matusi. Charles alikuwa amemwita François mvunja ahadi, wakafikia kutishiana pambano la ana kwa ana. Ndipo Julai 1529 Louise akakutana Cambrai na Margaret wa Austria, shangazi yake Charles. Margaret alikuwa mjane wa kaka yake Louise, kwa hiyo hao walikuwa mawifi waliofahamiana tangu zamani. Walifikia katika nyumba zilizounganishwa kwa ujia uliofunikwa, wakaweza kuonana bila macho ya watu. Mkataba ulitiwa saini Agosti 3, na watu wakauita Amani ya Mabibi.

Ufaransa ilibaki na Burgundy, ikaacha madai yake Italia, na kuahidi fidia ya ekyu (sarafu za Ufaransa) milioni 2 za dhahabu. Wahispania walizikagua sarafu kwa makini, wakazikataa zilizopungua uzito, na watoto hawakurudi hadi Julai 1530. Washirika wa Ufaransa huko Italia hawakupata kitu. Mji wa Firenze uliachwa peke yake, ukazingirwa na jeshi la Kaisari, na kusalimu amri Agosti 1530.