Ukoka hauoti chini ya mwembe

Masika ikikaribia, simu huanza kuja na ombi lile lile: ukoka umekufa tena chini ya mwembe, nije kupanda mwingine. Siku hizi nakataa. Ukoka ni nyasi ya jua kali. Usipopata jua la moja kwa moja kama saa sita kwa siku, hurefuka, hukonda na kuacha vipara. Ukiupanda tena pale pale utakufa tena, na mwenye nyumba atapoteza pesa yake bure.

Anza na siku moja isiyo na mawingu. Toka saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri, uchomeke vijiti mahali jua linapofika chini. Hapo utajua bustani yako inaanzia wapi.

Penye jua la saa tatu au nne kwa siku, panda nyasi za Pemba. Wataalamu wa mimea huziita Stenotaphrum dimidiatum, na ni za kwetu hasa, za mwambao huu wa Bahari ya Hindi. Majani yake ni mapana na hutambaa kwa mashina manene. Wateja wengine huziona kama magugu kwa sababu hazina wembamba wa ukoka. Mimi nazipenda mno! Zipandikize mvua za kwanza za masika zikianguka, na usizikate chini ya sentimita 7, kwa sababu kivulini jani ndilo linalokusanya ule mwanga mdogo uliopo.

Lakini kivuli ni nusu tu ya shida. Mizizi ya mwembe inayonyonya maji iko mingi juu juu, kwenye udongo ule ule wa nyasi, na kiangazi mwembe ndio unaoshinda. Mwagilia alfajiri, mara mbili kwa wiki, maji yazame. Kunyunyiza kidogo kila jioni hakufiki kwenye mizizi, na majani yakilala na maji hualika ukungu.

Jambo linaloniumiza ni lori la udongo. Nimeona mtu akifukia mizizi iliyojitokeza kwa zaidi ya sentimita 20 ili apate uwanja tambarare. Mizizi huhitaji hewa. Mwembe ule, mkubwa kuliko nyumba yenyewe, ulianza kukauka kutoka kileleni. Tandaza sentimita 2 tu za udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na mizizi usiikate.

Ukitaka mwanga zaidi, pogoa matawi ya chini baada ya mavuno ya maembe, usizidi robo ya majani yote. Ukipunguza mno, jua huunguza gome.

Kuzunguka shina, acha duara la mita moja bila nyasi kabisa. Weka hapo matandazo ya majani makavu ya mwembe wenyewe, yale unayoyafagia na kuyachoma kila Jumamosi, ila yasigusane na gome.