Kifua kikuu kisicho kifuani: TB ya via vya uzazi vya mwanamke

Jina lenyewe linapotosha. Ukitaja kifua kikuu, mtu anafikiria kikohozi na makohozi. Kumbe bakteria wale wale ambao daktari Mjerumani Robert Koch aliwatangaza mwaka 1882 wanaweza kuhamia sehemu nyingine za mwili, na kwa mwanamke sehemu mojawapo ni via vya uzazi.

Mara nyingi ugonjwa hauanzii huko. Bakteria huingia kwa hewa, hutulia mapafuni, kisha husafiri na damu hadi kwenye nyonga, pengine miaka mingi kabla mwenyewe hajajua lolote. Wakifika, karibu kila mara hushika mirija ya uzazi, na kwa kawaida yote miwili. Humo ndimo yai na mbegu hukutana; mirija ikivimba na kuota makovu, njia inaziba. Kwenye eksirei inayopigwa baada ya kuingiza dawa maalumu kizazini, mrija wa namna hii huweza kuonekana una vifundovifundo kama shanga zilizotungwa. Ulioziba nusu nao una balaa lake: mimba inaweza kutunga humo humo, nje ya kizazi.

Kutoka kwenye mirija, bakteria hushuka hadi utando wa ndani wa mji wa mimba. Utando huu hubanduka kila mwezi kwa hedhi, na bakteria wengi huondoka nao. Lakini mirija haibanduki, kwa hiyo huuambukiza tena utando mpya. Ndiyo maana daktari anayechukua kinyama cha kupima hupendelea siku chache kabla ya hedhi. Hata hapo bakteria huwa wachache, hivyo kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kuondoa shaka.

Wengi hawakohoi wala hawana homa. Wapo wenye maumivu ya nyonga yasiyoisha, au hedhi inayopungua hadi kukatika. Wengine hawana dalili yoyote, wanagundulika tu wanapohangaika kutafuta mtoto.

Dawa ni zile zile za TB ya mapafu, kwa kawaida miezi 6: aina nne kwa miezi 2, halafu rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Cha kuangalia zaidi ni kwamba inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Dawa huua bakteria, lakini haifuti makovu. Ndiyo sababu mwanamke anaweza kupona kabisa na mirija ikabaki imeziba. Hapo njia inayobaki huwa ni yai kurutubishwa maabara na kupandikizwa, ikiwa utando wa mji wa mimba umesalimika.